Mwandiko Mzuri

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.
Karani wa mishahara, kiwanda cha minofu, Igogo,
chumba cha juu, dirisha moja
lisilofunguliwa kwa sababu ya shombo.

Chini yangu walikata sangara.
Juu yao na mimi nilikata:
wao kwa kisu chembamba, toka shingo hadi mkia,
mimi kwa kalamu, asilimia kumi, jina kwa jina,
na juu ya safu nikaandika Mfuko.
Mwandiko wangu mzuri. Hata mkurugenzi aliusifu.

Sheria haina mafumbo.
Ukikata cha mfanyakazi, weka na chako,
vyote vifike Mfukoni kabla mwezi wa pili haujaisha.
Mwaka wa kwanza nilimkumbusha.
"Mwezi ujao, Renatus. Bei ya Ulaya imeshuka."
Mwaka wa pili nilikohoa mlangoni kwake.
Wa tatu sikukohoa.
Mfuko ni mfuko, nikajiambia,
sikuuliza wa nani.

Nkwimba Masalu alikata samaki miaka kumi na minane.
Barafu ilimwachia vidole viwili visivyokunjika.
Alipotimiza umri akavaa kitenge cha harusi ya mwanawe,
akaenda dirishani kwa watu wa Mfuko.
Wakabonyeza, wakasoma,
wakabonyeza tena.
"Mama, hapa kuna miezi ishirini na saba."

Ishirini na saba.
Minofu yote ilishapanda ndege,
yeye wamemwachia mapanki.

Hakupiga kelele. Alikuja kwangu Mkuyuni, Jumapili,
na kiroba cha unga,
ndani yake karatasi za mshahara, zote,
kila mwaka umefungwa kwa uzi wa nyavu.
(Wenzake waliwashia majiko zao.
Yeye aliambiwa na bibi yake
karatasi yenye namba haitupwi.)
Akasogeza chai yangu pembeni, akazipanga mezani,
nyingine bado zinanuka.
"Renatus, hii 'r' yenye mkia si yako?"

Ni yangu.

"Basi kaseme hivyo hivyo kwa mkaguzi."

Nikatafuta neno. Yalikuwepo mengi:
nilitumwa; nina watoto wanne;
kalamu yenyewe ilikuwa ya kiwanda.
Jikoni mke wangu alisimama na mwiko
na sikusikia akikoroga.

Jumatatu tukapanda ngazi, yeye mbele,
akipumzika kila kituo, kiroba kichwani.
Mkaguzi alikuwa binti wa rika la mwanangu wa pili.
Aliandika majina mia mbili na kumi na moja
jinsi nilivyomtajia, bila daftari, kwa mpangilio wa safu,
maana hayo hayasahauliki.
Kisha, kwa desturi tu, akaniuliza langu.
Akabonyeza. Akanyamaza.
Akamtazama Nkwimba, si mimi.
Nikamwambia, soma tu.

Sikushangaa.
Hilo nalo naomba liandikwe, kama kuna nafasi:
sikushangaa.
Kila mwezi, chini kabisa,
baada ya mlinzi, baada ya mfagiaji,
nilijikata na mimi, kwa mwandiko ule ule,
nikapiga mstari kwa rula,
nikajumlisha.