Alama ya Kutoa

Ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na mbili:
n imepewa nafasi ya m.
Naandika pembeni kwa kalamu ya kijani.
Nyekundu niliiacha tangu Profesa Vaidila aniambie
bahasha zangu zamtoa jasho kabla hajazifungua.

Hapa Šiauliai theluji imepanda hadi kitasa cha dirisha.
Miaka thelathini na mmoja nilisoma ratiba za treni
kabla hazijabandikwa ukutani.
Huko kosa lina miguu:
treni ya saa nne ikiandikwa saa tano,
mtu anasimama na sanduku lake
akitazama reli tupu.
Katika hisabati hakuna anayesimama kwenye baridi.
Ndivyo nilivyodhani.

Mpwa wangu Gintarė ndiye aliyeleta rasimu ya kwanza,
ya mwalimu wake. Kisha tano.
Kisha bahasha kila Jumanne.
Mimi si mwanahisabati.
Nilikaa miaka miwili kwenye madawati yale,
mama akapooza, nikarudi nyumbani.
Lakini jicho haliulizwi shahada
likiona mabano yaliyofunguliwa yakaachwa wazi
kama mlango wa zizi.

Na wananishukuru. Mwisho kabisa,
baada ya mfadhili, baada ya mke,
kwa herufi ndogo kama punje za haradali:
*Tunamshukuru Bi. Z. Norkuviene kwa kusoma kwa makini.*
Z yangu huvaa kofia. E yangu ya mwisho ina nukta.
Zimepukutika njiani.
Sijawahi kuandika kudai.
Anayesoma kwa makini na aone.
Tanbihi thelathini na nane nimezikata kwa mkasi
nikazitia kwenye kopo la biskuti.

Kisha akaja Kajetan, kijana wa Toruń,
kurasa sitini na moja,
jambo lililowashinda walimu wa walimu wake.
*Tazama koma tu, Bibi,* aliandika.
Nikatazama koma.

Ukurasa wa arobaini na nne
alama ya kutoa ilikuwapo mstari wa juu;
wa chini, haipo.
Kutoa ni moyo, husema watu.
Hapa kulikuwa kimstari, kifupi kuliko kope.
Nikasema: kimeanguka, kama nukta yangu, nakirudisha.
Nikakirudisha.
Vilivyokuwa vikifutana vikaanza kujumlishana,
vikafura,
na ukurasa wa arobaini na tano ukakosa pa kukanyaga.

Nikahesabu tena. Nikahesabu kwa njegere juu ya meza.
Saa nane usiku nikavaa koti nikaenda stesheni,
sijui kufanya nini.
Hakuna treni saa hiyo. Najua; ratiba ilikuwa yangu.

Nilimwandikia mistari minne
kwa penseli, ili akitaka afute.

Wiki sita, kimya.
Palipokuwa na kichwa cha rasimu yake
Gintarė alinionyesha neno moja: *Imeondolewa.*
Shukrani huandikwa chini ya kitu,
na kitu chenyewe hakipo.
Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kupata
halina hata msumari wa kutundikia jina.
Usiku ule nilifungua kopo, nikahesabu,
thelathini na nane,
nikalifunga.

Aprili, theluji imekuwa tope,
mtu wa posta analeta kifurushi.
Biskuti za tangawizi, mbili zimevunjika.
Kurasa kumi na moja. Madai madogo,
ya mtu aliyejifunza kupima ngazi kabla ya kuipanda.
Barua hamna. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
*Tazama kila kitu.*

Na juu ya bahasha jina langu,
lililopigwa kwa mashine,
kisha mkono ukarudi kwa wino
ukachora kofia, nukta, kofia ndogo, nukta:
Živilė Norkuvienė. Kofia ya pili imezidi.

Nachonga penseli.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili:
koma.