Mfuniko wa Mashine ya Mjomba

Ulizama Jumanne, mbele ya Ulenge,
ukiniteleza mkononi kwa mafuta.
Chubwi. Basi.
Mjomba Mbaruku aliushika miaka thelathini,
kila safari, kwa vidole vitatu, kabla ya kung'oa nanga,
na mimi nimekaa nao miezi saba.

Mashine yenyewe ina picha ya shakwe ubavuni,
shakwe asiye na kichwa siku hizi, rangi imebanduka.
Haitengenezwi tena. Walioitengeneza nao hawapo.
Na mimi nina magunia tisa ya mwani yanangoja kuvushwa.

Nikaziba kwa gunzi. Gunzi likanywa petroli,
likalewa, likachomoka.
Nikaziba kwa kipande cha kanga na mpira wa ndala;
jina la kanga lilikatikia USINI—
sijui usinionee, sijui usinisahau.
Nikaziba kwa kiganja, nikaendesha kwa mkono mmoja,
nikarudi nanuka hata mwanangu akasema:
Mama, leo jikoni usiingie.

Barabara ya Nane wakaniuliza: modeli gani? Mwaka gani?
Nikawajibu, ule mwaka mkonge ulikuwa na bei.
Muuza spea akanitolea kifuniko cha Vespa,
cha pikipiki ya Mchina, cha dumu, cha chupa ya chai.
Kila kimoja kiliingia nusu mzunguko kikakwama,
kama mgeni aliyekosea nyumba na kuona haya kugeuka.
"Hicho uagize nje, mama."
Nje wapi tena? Nimetoka Mwambani, bajaji mbili.

Makorora, nyuma ya mashine ya unga,
fundi Shekiondo hakuuliza mwaka.
Alifinyanga sabuni ya mche kiganjani,
akaisukuma kwenye shingo ya tangi, akaizungusha
polepole, kama anayemtoa mtoto usingizini.
Ikatoka na meno yote.
"Modeli yako hii hapa," akasema. "Shaba unayo?"

Ninao mchi.
Kinu chake kiliuzwa mwaka wa harusi ya dada;
mchi ukabaki mjane, kazi yake kuzuia mlango wa uani
usibamizwe na upepo.
Bibi Mwantumu aliutwangia hiliki mpaka ukaota kiuno.

Fundi akaubana, akawasha, akakereza.
Shaba ikachambuka ikijikunja
kama nywele za mtoto siku ya arubaini.
Naapa nilisikia harufu ya hiliki.
Yeye akasema ni grisi.

Mizunguko minne na robo. Ukatua. Kimya.
Elfu kumi na mbili, na pweza mmoja mkavu.

Kesho yake mashine ikanguruma hadi katikati ya mkondo,
ikakohoa, ikazimika.
Nikafungua mfuniko nichungulie, na tangi
likavuta pumzi, hhhaa,
kama mtu aliyeachiwa mdomo.
Nikafunga, ikawaka. Ikazimika.
Mpaka pwani ni hivyo: fungua, lipumue, funga,
magunia tisa yakinitazama.

Shekiondo akajipiga paji la uso.
"Lo! Nimekufungia kama jela."
Akachukua keekee nyembamba kama sindano ya cherehani,
akatoboa utosi wa mfuniko,
akaweka kiskrubu kidogo juu.
"Hiki ukilegeze kabla ya kuondoka. Ukirudi, kaza.
Hata wa mwanzo ulikuwa nacho."

Kumbe.
Vile vidole vitatu vya mjomba,
nilivyoviona toka utotoni nikadhani vinakaza,
vilikuwa vinalegeza.

Sasa nimeufunga kwa kamba ya katani, fundo mbili.
Wimbi likipiga vibaya tone moja hupenya kitunduni,
hukauka juani kabla sijalifuta.
Ile sabuni niliiomba. Iko dirishani na meno yake,
na hakuna ruhusa ya mtu kuiogea.