Uzi Ambao Hakuzaliwa Nao

Bi. Kalunde aliketi benchi la pili,
mbele ya maabara yetu pale Ngara,
Julai ile ya baridi ya kuuma masikio,
akaniuliza kama mtu anayeulizia bei:
"Mwanangu, ni sukari?"

Ni sukari, nilitaka kumwambia, ila si hiyo.
Si ya chai, wala ya kudungwa sindano asubuhi.

Protini hutoka kiwandani mwa seli
tupu kama gora la marekani,
ndipo mafundi wadogo wasio na majina
wakaitia pindo, wakaitarizi kwa sukari:
kitawi hapa, kishada pale,
fukosi ubavuni,
asidi ya siali nchani kama kifungo cha mwisho.
Kwa darizi hiyo seli hujuana,
hupishana mlangoni, huamkiana.

Saratani ni fundi aliyeingia usiku.
Hushona kwa pupa. Matawi yanazidi,
mishono inakatizwa njiani,
vifungo vinajazana pasipo na tundu,
na vipande vya kazi yake mbovu
huchuruzika hadi kwenye damu,
ambako sisi huviotea na mashine.
Kikulacho ki nguoni mwako:
waliosema hivyo hawakuwa na darubini.

Yeye mwenyewe ni fundi. Ana cherehani Kariokor,
kati ya wauza vikapu na moshi wa nyama.
Akingoja kutolewa damu aliona pindo la koti langu linaning'inia,
akachomoa sindano kwenye ukosi wake.
"Nyeupe imeniishia," akaomba radhi,
akalishona kwa uzi wa buluu.
Akaendelea kuongea, macho kwenye mshono:
"Hii gauni nimeipunguza kiuno mara tatu tangu Pasaka.
Vitambaa vya siku hizi vinalegea."
Alipoinua uso,
weupe wa macho yake ulikuwa rangi ya binzari.

Saa nne usiku, jenereta ikikohoa uani,
mashine ikatema karatasi.
Mwisho wa usalama ni thelathini na saba.
Bi. Kalunde: chini ya mbili.

Otwori, mwenzangu wa zamu, akapiga kofi moja la furaha.
"Huyu mzima kabisa! Mpigie simu alale."

Sikupiga.

Mtu mzima huwa na nane. Huwa na kumi na tatu.
Huwa na vijitaka vya kawaida,
kama sakafu ya fundi jioni.
Sakafu isiyo na hata kipande kimoja cha uzi
haisemi fundi ni nadhifu.
Inasema uzi huo haujawahi kuingia dukani.

Wapo watu, na kwetu si haba,
waliozaliwa bila jeni ya mshono huo.
Saratani ikiwajaa hadi kooni
haina uzi wa kutarizi jina lake.
Kipimo huwaangalia, kikaona ukuta,
kikasema: hapa pako shwari.
Kimya kingi, Otwori. Malizia mwenyewe.

Sijui kama ndivyo alivyo. Hilo niliandike pia.
Pengine ni nyongo tu, jiwe limekaa njiani.
Lakini nilichukua kalamu, nikajaza pambizo
ambalo fomu haikukusudia lijazwe:
"Kipimo hiki huenda hakimjui mgonjwa huyu.
Namba ndogo hii msiihesabu kuwa habari njema.
Tazameni kongosho kwa picha. Mapema."

Daktari Ubah alipiga simu saa sita kasorobo,
akali kwa kuamshwa,
kisha akanyamaza,
kisha akauliza: "Macho yake umeyaona wewe mwenyewe?"
Nikasema nimeyaona.
"Basi Alhamisi, saa mbili. Aje bila kula."

Leo ni Jumatano.
Nimempigia nikamwambia asile, akacheka,
akasema hamu ya chakula ilimtoka zamani,
akauliza kama pindo linashika.

Koti nimelifua kwa maji ya moto, nikalianika dirishani.
Buluu haikuchuja.