Mkwaruzo wa Dzombo

Huanzia kwenye gunia la kilo ishirini na tano:
chembe nyeupe, kama mchele,
ila mchele huu hauna chuya wala harufu,
na ukimwagika sakafuni, angalia mguu.
Mwezi huu tumemwokota mkaguzi mmoja, suti na yote.

Tunazimimina kwenye kinywa cha mashine.
Ndani ya pipa la chuma skrubu yazunguka
polepole, kama mtu anayetafuna huku ana lake moyoni,
digrii mia na tisini,
mpaka chembe zisahau kwamba zilikuwa nyingi.

Kisha kalibu: duara la chuma lenye mwanya
ambao hata ukucha haupiti.
Hapo uji hutoka, hujazwa upepo tumboni,
ukapanda puto, ghorofa tatu,
likitetema, limejaa pumzi isiyokuwa ya mtu,
na juu kabisa roli mbili hulibana
kama midomo ya aliyeamua kunyamaza.
Hulala bapa. Huviringwa. Jora.

Changamwe, zamu ya usiku.
Mimi, Mwanatumu binti Shee, ni mpimaji,
nina kipimo cha mikroni, cheti chake kipo ukutani.
Dzombo ana kidole gumba tu.
Hupapasa kipande, hukitikisa sikioni,
"Thelathini na nane."
Kipimo changu: thelathini na nane nukta mbili.
"Hiyo mbili," husema, "ni jasho lako."

Usiku ule stima ilipepesa mara moja.
Puto likatuangukia kama chandarua kilichokatwa kamba.
Uji ukaganda mdomoni mwa kalibu, ukaungua, ukawa lami.
Kusafisha ni kwa shaba, kila mtu ajua,
shaba haiumizi chuma.
Lakini shaba yetu iliazimwa na zamu ya mchana,
na simu ya meneja ilikuwa haikatiki.
Dzombo akashika bisibisi.

Kr.
Panya kwenye gazeti angepiga kelele zaidi.

Tangu hapo kila jora lina mstari.
Ukiutazama usoni huuoni.
Inamisha karatasi kwenye mwanga: huo,
unywele mmoja usiokatika, kilomita kwa kilomita.
Haupunguzi nguvu. Nimevuta, nimetoboa,
nimejaza maji nikaning'iniza hadi asubuhi.
Nikaandika daftarini: Imepita.
Kalibu mpya ni bei ya nyumba.

Mstari ukatoka getini, hakuna aliyeupekua.
Nimeukuta Shimanzi, ndani ya magunia ya chai,
ukiizuia chai isinywe chumvi ya hewa yetu.
Nimeukuta Mikindani, mweusi, chini ya sakafu
fundi akimwaga zege juu yake,
nyumba ya watu, haitapanda unyevu, hawatajua.
Umepita kwenye mkate wangu wa asubuhi.
Kwenye godoro la wodi nilipojifungulia Zuena
nililala nao mgongoni siku mbili.
Na Tudor, maji yalipokupwa,
kipande kilichoraruka kimejizonga kwenye mkoko,
mizizi imekivaa kama kovu.
Hicho sikukiinamisha.

Dzombo kastaafu, yuko Jomvu.
Kanunua makochi, na mkewe Nyevu
mwaka wa pili huu hataki nailoni itolewe:
yatachafuka.
Nikakaa, kikalia kwii, kikanishika mapajani.
Jua la alasiri likaingia dirishani kwa mshazari,
na huo hapo, umetoka mkononi mwa kiti
ukapita kati yetu sisi wawili.

Akaona nimeona.
Akaweka gumba juu yake, akalisogeza taratibu.
"Thelathini na nane," akasema.
"Na yule wa duka aliniapia zimetoka ng'ambo."

Nyevu akaingia na birika.
"Nyie," akasema, "msinikwaruzie kiti changu."