Nyuzi Tatu za Sauti Moja

Bwana Ziemowit wa ghorofa ya chini
kazi yake kulinganisha:
piano za watu, mjini Łódź, nyumba kwa nyumba.
Tangu surua ya utotoni imzime macho
dunia huipokea kwa upande wa sikio.
Juzi dada yake kamwachia kompyuta,
ndani mna vivinjari vitatu,
na mtu wa kazi ile hawezi kulala na vitatu
kabla hajajua kipi kimelegea.

Mpwa wake Jagna, mgeni wa kila Alhamisi,
akamsimulia sura zao:
"Hiki ni mbweha, mkia wa moto, kajikunja kama paka.
Hiki ni mpira: nyekundu, kijani, manjano,
na katikati jicho la buluu.
Hiki ni dira. Kinaitwa Safari."
"Safari," akarudia mzee, akilionja kama mchuzi.
Nami ngazini, na mfuko wangu wa viazi, nikasimama:
neno la kwetu, limefika huku kabla yangu,
lina makazi, lina kibali, halipangi foleni.

Rangi hakuzitaka. "Viseme," akasema.

Ukurasa mmoja kwa vyote: mnada wa Poznań
wauzao nyuzi za piano za kale.
Msomaji mmoja kwa vyote,
sauti ya mwanamke asiyepumua.

Mpira uliwahi. Lo, uliwahi!
Bei kabla ya jina, jina kabla ya salamu,
na tangazo la viatu katikati ya waya wa shaba.
"Huyu," akasema mzee, "ni yule mwanafunzi
anayejibu swali sijalimaliza."
Dira ikaenda kwa adabu, mstari kwa mstari,
hadi pale pa kulipia;
hapo ikasema "kitufe", ikasema "kitufe",
ikasema "kitufe" mara saba,
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.

Mbweha alichelewa.
Jagna akaguna, akaenda kumenya chungwa.
Mbweha akafika nusu, akakwama,
na badala ya kujifanya yuko kazini akakiri:
ukurasa huu umenishinda, nijaribu tena?
Muungwana akivuliwa nguo huchutama.
Mzee akacheka mpaka miwani myeusi ikamteleza.
"Jaribu," akamwambia.

Jioni nilipomshushia supu
akanishika mkono, akautia ndani ya piano yake.
"Papasa. Sauti moja ya juu ina nyuzi tatu.
Ukizipiga pamoja hujui ipi inadanganya.
Unaziba mbili kwa sufi, unaisikiliza moja."
"Na unayoipenda?" nikauliza.
"Kupenda!" Akapuliza supu.
"Kuna ile unayoanza nayo.
Nyingine unazivuta zije kwake."

Kamchagua mbweha, basi.
Wale wawili hakuwafuta; kawatia sufi.
Jagna bado ananung'unika kwamba mpira ni mwepesi,
darasa zima wanautumia, hata mwalimu,
na mzee humjibu kwamba hata homa ni nyepesi kuingia.

Sasa usiku, chini ya sakafu yangu,
namsikia mwanamke asiyepumua
akisoma ratiba za tramu, bei ya siagi,
barua ya mtu wa Gdynia mwenye piano iliyolowa.
Kisha kimya. Mbweha kakwama mahali.
Kisha mzee: "Jaribu."

Nami huku juu, fomu ya kibali mbele yangu,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
nimekwisha andika jina la mama mara nne.
Natumia dira.
Ndiyo, najua vile vitufe.
Ni kwa ajili ya jina tu.