Kwa Pembe ya Jicho

Fundi Shemdoe, wa miwani, Barabara ya Kumi na Mbili,
alikisugua kioo hiki miezi saba
baada ya kufunga duka,
akihesabu mizunguko kwa punje za mahindi bakulini.
Kilipokwisha, mtoto wa jicho alikuwa ameshaingia,
kulia kwanza, kisha kushoto.

Ndiyo maana mimi ndiye ninayeinama.

Bomba tulilinunua Ngamiani,
la maji machafu, inchi nane, halijawahi kupitisha tone.
Kijana wa bajaji akauliza
kama tunakwenda Pongwe kuchimba kisima.
"Ndiyo," akasema Shemdoe, "ila cha kwenda juu."

Shambani, milingoti ya mkonge imesimama
kama watu waliosahau walichofuata.
Upande wa kiwandani mbingu ina rangi ya chai ya maziwa.
Nafuta umande kwa ncha ya kanga.
Yeye ananielekeza kwa kumbukumbu:
"Ishike nyota angavu ya Hutu,
iache, nenda mashariki kidole kimoja,
polepole, Mwanaidi, usiisukume mbingu."

Hakuna kitu.
Hakuna kitu, nasema.
"Usiikodolee. Tazama pembeni,
kama unavyomtazama mkwe."

Nikatazama pembeni.
Pumzi kwenye kioo, ndivyo ilivyokuwa,
ya mtu aliyekwisha kuondoka.
Nikiigeukia, haipo.

"Ina mikono?"

Kitabuni inayo miwili, imejiviringa
kama ukili unapoanza kushonwa kawa.
Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua?
"Ni moshi tu, fundi."
Akaitikia kwa kichwa, akafungua chupa ya kahawa.

Tulirudi mara tano. Mara mbili mawingu,
mara moja mlinzi wa shamba na rungu lake,
naye akaishia kuomba aoneshwe mwezi,
akakasirika kuambiwa haujatoka.

Oktoba umeme ukakatika, mkoa mzima.
Kiwanda kikafumba.
Giza likanipanda hadi vidoleni,
na kwa pembe ya jicho, kitambo cha kumeza mate,
ule moshi ukawa na upande.
Ukajikunja.

"Umejikunja kwenda wapi?"

Sikujua kusema. Darubini hupindua kila kitu.
Nikakishika kiganja chake, kikavu, kina kovu la msasa,
nikauchora kwa kidole,
mkono mmoja. Wa pili sikuuona.

Akakifumba.
"Andika saa," akasema.
"Na uandike: mmoja."