Fundi wa Vitasa, Rotherham

Kila Tattersall akisema redioni
mimi huuza vitasa.
Sijisifu. Daftari ndilo lisemalo:
wiki ya hotuba, thelathini na vinne;
wiki ya mvua tupu, viwili,
na kufuli moja la baiskeli.

"Wanakuja," alisema. Hakusema kina nani.
Mtaa wa Wellgate ukajaza jina wenyewe,
kila nyumba na lake.

Utotoni, Pangani, mama alinitishia zimwi
nimalize uji.
Nikaumaliza, zimwi likaenda zake,
mama akaosha bakuli.
Zimwi la Tattersall halina bakuli.
Tulimpa kura, akasema liko ng'ambo ya mto.
Tukamwongeza miaka mitano,
akasema liko darajani, linavua viatu.
Katikati ya hayo taa za mtaa zilizimwa,
maktaba ikawa ghala la mazulia,
basi la saa tatu usiku likakoma kuja,
wala hakuna aliyeuliza.
Nani atoke gizani akaulize?

Wahenga walinena, aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Hapa hakuna aliyeumwa.
Ung'ongo wenyewe tuliletewa na posta,
umechapwa rangi mbili,
na yeye pembeni anatabasamu.

Nami nilikula humo. Niliandike na hilo.
Viatu vya shule vya Mwanakombo,
hita ya chumba cha nyuma,
vyote ni woga wa watu
uliopita mkononi mwangu ukawa noti.

Jana, saa nane za usiku, simu.
Bi Hathersage, mlango namba kumi na saba:
amejifungia, funguo hazionekani,
jikoni mkate unaungua.
Vitasa vitano. Vyote nilivitia mimi,
kimoja baada ya kila hotuba.
Nikapiga magoti kwenye barafu
nikaanza kufumua kazi ya mikono yangu.
Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilinisumbua,
nilikitia vizuri mno.

"Nani?" akauliza kwenye tundu la barua.
"Fundi, bibi. Umeniita."
"Fundi gani?"
"Wa vitasa. Fundi wako."
Akarudia, polepole, lafudhi yangu,
kama mtu anayeonja maziwa ya jana.

Kimya. Moshi ukatoka tunduni
ukanifikia usoni.
Halafu, upande wake wa mlango,
nikasikia mnyororo
unatiwa.